Boti ya kwenda kuona mashamba ya kome O Grove, Galicia: nyota nne, na ile ya tano nawaambia imeenda wapi

Kwanza niwape jibu halafu ndo nieleze, maana najua wengi mnasoma review huku tiketi mmeshaiweka tayari kulipia: ndiyo, nendeni, hela haipotei, kome ni watamu na wanaletwa mpaka wewe mwenyewe useme basi. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyobania sio ya chakula wala ya viti wala ya choo, nimeibania kwa sababu kitu kizuri kuliko vyote pale wanakipita mbio kwenye spika halafu wanawasha mziki.

Kwa wasiopajua, Galicia ni ile kona ya kaskazini magharibi ya Hispania, juu ya Ureno, na pwani yake imekatwakatwa na ghuba ndefu zinazoingia ndani ya nchi kavu, wenyewe wanaziita ría. Ría de Arousa ndo yenye kome kuliko zote, na O Grove ni mji wa wavuvi uliokaa karibu na mdomo wake. Ukishuka tu bandarini unakuta vibanda vya kampuni kadhaa zinauza safari ile ile kwa bei zinazokaribiana, kama euro 15 mpaka 20 kwa mtu mzima, watoto kidogo chini ya hapo, na wapiga debe wapo kama kawaida ya stendi yoyote duniani. Sitaji tulipanda ya nani maana nilichokiona naamini utakikuta kwenye zote: katamarani kubwa, ghorofa ya juu ya wazi, chini kuna vyumba vyenye vioo vya kutazama ndani ya maji, mwendo wa saa moja na kitu, mnazunguka mashambani, mnakula, mnarudi.

Hivyo vioo vya chini niviseme mapema. Nilisoma watu wamelalamika sana kwamba hawakuona kitu, maji ya kijani tupu, wengine wakaandika maji machafu. Jamani sio machafu. Ile rangi ya kijani ni mimea midogo midogo inayoelea, planktoni, na ndo chakula chenyewe cha kome, bila ule ukijani hakuna biashara hapo. Ukitaka maji ya kuonekana mpaka chini panda ndege nenda Mnemba, Zanzibar. Hapa unashuka chini dakika tano, unaona kamba zimevimba kwa kome zikipotelea kwenye giza, basi, rudi juu ukawahi kiti.

Sasa mashamba. Shamba la kome pale linaitwa batea, ni chelezo kikubwa cha magogo ya mkaratusi yaliyopangwa yakakatana, limeshikiliwa na maboya makubwa, na chini yake zinaninginia kamba. Sheria yao inaruhusu kamba zisizozidi 500 kwa batea moja na kila moja isizidi mita 12. Galicia nzima kuna batea zaidi ya 3,300 na zaidi ya 2,000 ziko humu humu Arousa, kwa hiyo ukiwa katikati ya ría kila unapogeuza shingo unaona machelezo tu mistari kwa mistari. Ya kwanza iliwekwa humu katikati ya miaka ya 1940, upande wa Vilagarcía, kabla ya hapo kome walikuwa wanabanduliwa tu mwambani. Haya yote kijana wa kwenye spika aliyasema vizuri, kwa Kihispania na Kiingereza kidogo, alikuwa na utani wake pia, sina neno.

Tatizo lilianza shemeji yangu alipouliza swali. Shem kwao Paje, huko huko Zanzibar, amelima mwani tangu hajaolewa na kaka yangu, kwa hiyo akiona kamba baharini akili yake haiendi kwenye selfie, inaenda kwenye mbegu. Akaninong'oneza, "Shem, hebu muulize huyo kijana, hawa wadogo wa kuanzia wanawatoa wapi? Wana sehemu ya kuwatotolesha au?" Nikauliza. Kijana akajibu kwenye spika, kwa furaha kabisa, "Kutoka baharini!" watu wakacheka, mziki ukarudi. Yaani swali ambalo ndo roho ya biashara nzima likajibiwa kwa neno moja, na hapo ndo nyota yangu ya tano ilipozama.

Bahati nzuri kulikuwa na mzee anagawa masufuria ya kome, na yeye kumbe amefanya kazi ya batea miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye watalii. Alimsikia shem, akaja kuegemea kwenye meza yetu na sufuria yake mkononi, na tuliyoyasikia hapo ndo yaliyofanya nisione hela yangu imeenda bure. Nitachanganya aliyosema yeye na ninayoyajua mimi, ila kazi ni yake.

Kwanza kabisa, hawatotoleshi. Biashara hii yote ya Galicia, tani kwa malaki, inasimama juu ya vifaranga wa porini. Njia ni mbili. Ya kwanza ni mwambani, sio miamba ya humu ndani kwenye utulivu, ile ya nje inayopigwa na Atlantiki. Serikali yao ya mkoa, Xunta, inafungua msimu kuanzia miezi ya baridi kuelekea majira ya kuchipua, na watu wanasubiri siku maji yametoka sana. Mzee alipokuwa anaeleza hizo siku shem akanidaka, "Bamvua!" Nikamwambia ndiyo, bamvua hiyo hiyo. Wanashuka kwenye boti, wanaruka juu ya mwamba, wanakwangua kwa chuma bapa chenye mpini, vifaranga vinatoka mapande mapande vikiwa vimeshikana, vya sentimita moja mbili hivi, vinaingia kwenye magunia, na mtu mwingine kazi yake ni kutazama bahari tu apige kelele wimbi kubwa likija. Maji yakianza kurudi wanaondoka hata kama gunia nusu.

Mbona waende kwenye hatari wakati miamba ya ndani ipo? Hapo ndo mambo ya mazingira yanapoanza, na mzee alikuwa na jibu zuri, alisema kome mdogo anapenda fujo. Ukiangalia ni kweli. Palipo na mawimbi maji yanabadilika muda wote, yanaleta chakula, yanaleta na watoto wapya kutoka baharini kuja kugonga mwamba, na maadui wanapata shida kushika, kiti cha pweza hawezi kutembea vizuri palipochafuka, konokono wanaotoboa makombe nao hivyo hivyo, na mchanga na tope havikai. Kule ndani kwenye utulivu mwamba unatuama vumbi, unaota majani, kaa wanatembea kama wako kwao.

Njia ya pili ni kamba za kunasia. Hizi wanazitundika kwenye batea zenyewe majira ya kuchipua, kuanzia Machi hivi na kuendelea, wakisubiri watoto waje wenyewe. Rahisi kusema. Mzee alicheka shem alipouliza kama kila kamba inanasa. Akasema kuna mwaka unatundika kamba yako na jirani yako wa batea ya pili anatundika yake, wewe unavuna manyoya meusi ya vifaranga mpaka unaogopa, jirani anavuna matope.

Kwa nini sasa. Kome hana ndoa, dume na jike kila mmoja anamwaga vyake majini, jike mmoja mkubwa anamwaga mayai mamilioni, na yanakutana huko huko. Kinachozaliwa ni lava mdogo asiyeonekana kwa macho, anaelea wiki tatu nne hivi, zaidi kama maji ni ya baridi au chakula kidogo. Hizo wiki zote yeye hana usukani, anaweza kupanda na kushuka kidogo lakini kwenda mbele na nyuma ni mkondo unaamua. Akifikia kama robo ya milimita anaota kimguu, anaanza kutafuta pa kushika. Kwa hiyo vifaranga unaowaona kwenye kamba leo waliamuliwa na upepo wa mwezi uliopita.

Na upepo wa pale una vituko. Kuanzia Machi au Aprili mpaka kama Septemba unavuma sana wa kaskazini, unateremka sambamba na pwani, na kwa sababu ya dunia kuzunguka yale maji ya juu hayafuati upepo ulikoelekea, yanapinda kwenda bahari kuu. Nafasi yake inajazwa na maji ya chini, baridi, yenye rutuba, yanaingia mpaka ndani ya ría. Ndo maana Agosti watu wanaungua jua ufukweni na ukitia mguu majini unaruka. Kitu kile kile kinafanyika pwani ya Somalia wakati wa kusi, wavuvi wa huko wanajua maji yakipoa samaki wanajaa. Rutuba ikipanda planktoni inalipuka, planktoni ikilipuka kome wananenepa, na Galicia inalisha Ulaya.

Lakini, na hapa ndo shem alipoweka kijiko chini, upepo huo huo unaoleta chakula ndo unaoondoa watoto. Maji ya juu yakitoka kwenda bahari kuu na lava wanatoka nayo. Upepo ukilegea siku kadhaa au ukigeuka wa kusini, maji yanarudi ndani yakisukuma kilichokuwa nje, na lava wanarudi kugonga miamba na kamba. Kwa hiyo upepo mkali mfululizo ni mbaya kwa kunasa, upepo hakuna kabisa ni njaa, kinachotakiwa ni uvume uache, uvume uache. Mzee alisema wao enzi zake walikuwa hawasomi kitu, walikuwa wanaangalia upepo ukibadilika na kwenda kutundika kamba.

Mvua nayo. Ndani ya Arousa unaingia mto Ulla, na miezi ya baridi Galicia inanyesha kweli kweli, maji baridi ya mto mepesi yanakaa juu ya maji ya chumvi. Lava hawayapendi, kome wakubwa wa juu ya kamba wanafunga makombe na kusubiri, na wakifunga hawali. Mwaka wa mvua nyingi mita za juu za kamba zinaweza kuwa na shida wakati chini hali ni shwari.

Na kamba yenyewe, maana najua kuna mtu atauliza. Laini kama ya kuanikia nguo hawaitaki, wanataka yenye nyuzi nyuzi, manyoya, vipande vya nyavu za zamani vilivyosokotwa, kitu cha kujificha ndani yake. Mpya kabisa pia hawaishiki vizuri, inatakiwa ikae majini kidogo ipate ule utelezi wa bakteria na vijimea vidogo. Ila kidogo tu! Ukitundika mapema mno kamba inavamiwa na vimfuko laini vinavyorusha maji ukivibonyeza, na vile vidude vigumu vinavyokwangua miguu ya wavuvi, na majani, kome akifika nyumba imeshapangishwa. Ukichelewa, wimbi la watoto limeshapita umebaki na kamba safi. Mita chache za juu ndo zinanasa zaidi. Halafu kilichonichosha akili ni kwamba hata wakishanasa hawajatulia, kifaranga akiwa bado mdogo sana akiona mahali hapamfai anaachia, anatoa uzi mwembamba unaomsaidia kuelea, na kwenda kujaribu kwingine. Unaweza kuangalia kamba Jumatatu imejaa na baadaye ukakuta imepungua nusu na hakuna mwizi aliyekuja.

Mwizi naye yupo lakini. Mzee alilaani samaki mmoja anayeitwa dorada, ana meno ya kuvunjia makombe, anapita kwenye kamba za vifaranga na kuzisafisha. Wenye batea wengi wanamlalamikia, wanasema siku hizi ni wengi kuliko zamani. Kwenye menyu za O Grove yupo, wa kuchoma, na shem alimwagiza jioni.

Nilimuuliza mzee kati ya kifaranga wa mwambani na wa kamba yupi bora. Akasema wa kamba anakua haraka mwanzoni, hajawahi kupata shida, ameoga na kula tangu azaliwe. Wa mwambani amezoea kupigwa na wimbi na kukaushwa na jua kila maji yakitoka, kombe lake nene, anavumilia kubebwa na kukaa nje ya maji. Wenye batea wengi wanachanganya, wasitegemee upande mmoja. Akishapatikana anafungwa kwenye kamba ya kukuzia kwa wavu mwembamba wa pamba unaooza wenyewe baada ya siku chache, hapo anakuwa ameshatoa ndevu zake na kushika. Baada ya miezi kadhaa wamesongamana, wanabanduliwa na kugawanywa kwenye kamba nyingi zaidi, na kutoka kifaranga mpaka sahani ni mwaka na kitu.

Ndo maana nasema kijana wa spika anawanyima watu uhondo. Dakika ishirini nzima anaongelea divai, na hili la vifaranga neno moja. Kampuni ikimpa mzee yule spika kwa robo saa tu mimi narudi kuongeza nyota bila kuombwa.

Turudi kwenye chakula basi. Kome wa kuchemshwa kwa mvuke, hakuna mbwembwe, hakuna maziwa wala vitunguu, limao pembeni, mkate, na divai nyeupe changa ya huko. Wasiokunywa mseme mapema mkikaa, wanaleta soda au maji na hakuna anayekukazia macho. Utaona nyama nyingine rangi ya chungwa na nyingine nyeupe ya krimu, watu wa meza ya pili walidhani nyeupe zimeharibika wakawa wanazisukuma pembeni, tukazila sisi. Chungwa ni majike, krimu ni madume, ladha ni ile ile.

Ila wakati wa kwenda una maana. Sisi tulienda vuli, Oktoba, na kome walikuwa wamejaa kombe zima, kwa sababu wamekula msimu wote wa yale maji ya chini yenye rutuba kupanda. Rafiki zangu walioenda majira ya kuchipua walilalamika nyama ndogo kombe kubwa, na sasa najua kwa nini, ndo kipindi wanachomwaga mayai, mwili unabaki mtupu. Ukitaka kula nenda vuli, na Oktoba pia kuna sikukuu yao ya vyakula vya baharini, Festa do Marisco, mji unafurika ila raha yake ipo. Ukitaka kuona kazi ya vifaranga, boti zikipita na magunia kutoka nje, nenda mwisho wa baridi, uvae vizuri, na uwe tayari safari kuahirishwa kwa hali ya hewa.

Kitu kingine kinachoweza kuharibu mpango ni sumu. Kuna mimea ya planktoni aina fulani ikiongezeka kome wanaichuja na kujaa sumu, wao hawaumwi, wewe ndo utakayeshinda chooni au vibaya zaidi, na kupika hakuiondoi. Pale Vilagarcía kuna taasisi ya serikali, INTECMAR, inapima maji na kome muda wote na kufunga eneo moja moja, wakifunga hakuna kuvuna hata kama kome wamenona vipi, wiki au miezi. Boti zinaendelea kwenda, kome wa kwenye sahani wanatoka eneo lililo wazi. Mimi hilo linanipa imani zaidi kula pale kuliko kula kome wa kuokota mwenyewe ufukweni, na msije mkaokota wenyewe, hairuhusiwi pia.

Shem alimuuliza mzee swali la mwisho, kama vifaranga vya porini vikikosekana watafanyaje. Mzee alinyamaza kidogo akataja 2002, meli ya Prestige ilipopasuka Novemba na mafuta mazito kupaka miamba ya pwani nzima. Miamba ile ile ya vifaranga. Watu wa Arousa walitoka na boti zao na ndoo na mikono yao kuyazoa yasiingie ndani ya ría, yeye alikuwepo. Akasema lakini mafuta yale mtu unayaona na unajua umpigie kelele nani, siku hizi kuna msimu unafika mwambani unakuta mtupu, hakuna wa kumshitaki. Wao wanasema maji yanapata joto, upepo haueleweki, na juu ya hapo kuna ugomvi na wale wanaokwangua percebes, mdudu wa ghali anayeota mwamba huo huo, kila upande unasema mwenzake anamharibia.

Shem alielewa kabla sijamaliza kutafsiri. Kwao mwani aina ya cottonii ulikuwa unakubali kwenye maji mafupi, joto likapanda ukawa unaoza na kukatika, wanawake wakabaki na spinosum wa bei ya chini au kutafuta maji ya kina kirefu ambako wengi hawajui kuogelea. Akamwambia mzee kwa Kiswahili moja kwa moja, "Baba, sisi huko tumeshafika." Nikatafsiri, mzee akamjazia sahani.

Na sio wao tu wanaocheza kamari hii. Nyuzilandi, tasnia yao ya kome wa kijani sehemu kubwa ya mbegu inatoka ufukwe mmoja huko kaskazini, Ninety Mile Beach, jina lake la Kimaori Te Oneroa-a-Tōhē, ambako vifaranga wanaletwa na mawimbi wakiwa wameng'ang'ania kwenye mwani uliopwelewa, watu wanasubiri upepo na wimbi vikubaliane wanakimbilia kuwazoa. Biashara ya nchi nzima imeegemea kitu kilichotupwa ufukweni! Na Uholanzi wao wanapenda baridi kali, maana baada ya baridi kali kaa na uduvi wanachelewa kurudi kwenye maji mafupi, na vifaranga wanapata muda wa kukua kabla hawajaliwa. Chile nao wanatundika kamba za kunasia kwenye ghuba za kusini. Kutotolesha inawezekana, teknolojia ipo, ila ni gharama, na kome ni chakula cha bei nafuu, hesabu inagoma.

Mambo madogo madogo ya kumalizia. Kutoka Santiago au Pontevedra kuna basi, ila Jumapili ni chache, angalieni ratiba ya kurudi kabla ya kupanda boti. Ukibaki na muda vuka daraja kwenda A Toxa kwa miguu ukaone kanisa dogo lililobandikwa makombe ukuta mzima, ni bure kuliangalia nje. Wenye kuumwa bahari msiogope sana, ndani ya ría maji yametulia, ila juu kuna upepo, bebeni koti hata jua likiwaka. Watoto wanachoka baada ya kome, wapelekeni kwenye vioo wakati huo maana foleni imeisha. Na msigombanie viti vya mbele, masufuria yanatokea jikoni na jikoni liko nyuma.